Nani Alifika Kwanza? Historia Fupi ya Kupima na Kuhesabu Mbio



Kila tunapokutana wanafunzi wa zamani, baada ya kusalimiana na kuwakumbuka marehemu wetu, mazungumzo hayakawii kufika kwenye riadha. Waliotangulia kumaliza husema mbio za siku zao ndizo zilizokuwa mbio, waliowafuata hukataa, na vijana husikiliza huku wakitabasamu. Siandiki ili kuumaliza ubishi huo. Naandika kueleza kwa nini haumaliziki: hatukupimwa kwa kipimo kimoja.

Kwanza, wazee wetu walikimbia yadi. Yadi 100 ni mita 91.44 tu, na mkimbiaji hodari huhitaji karibu sekunde nzima kuzimaliza mita zinazobaki hadi 100. Hata Michezo ya Jumuiya ya Madola ilihamia kwenye mita mwaka 1970 tu, ilipofanyika Edinburgh. Kwa hiyo mzee akisema alikimbia "mia" kwa sekunde kumi na moja, na kijana naye akasema hivyo hivyo, hawajasema jambo moja.

Pili, kuna uwanja wenyewe. Sheria za riadha hutaka mteremko wa njia ya mbio usizidi sehemu moja kwa elfu, yaani sentimita 10 katika mita 100. Nani kati yetu aliyesoma wilaya ya Rungwe anaujua uwanja wa namna hiyo? Tukuyu iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, kando ya mlima Rungwe, katika nchi ya migomba, chai na mvua isiyochoka. Kupata mita 100 zilizo tambarare ni kazi, na mistari ya majivu iliyochorwa asubuhi yaweza kuwa imesombwa na maji kabla ya saa nane mchana. Saa nzuri juu ya uwanja mbovu haitoi hesabu ya kweli.

Tatu, kuna saa. Katika shule nyingi mwalimu wa michezo alikuwa na saa moja ya kupimia mbio, tena alimpima wa kwanza peke yake. Wa pili na wa tatu waliandikwa nafasi zao, na wa nne alikwenda kunywa maji. Lakini sheria ya kupima kwa mkono ilitaka zaidi ya hapo. Wapima muda wawe watatu: saa mbili zikikubaliana, muda huo ndio unaoandikwa, zote tatu zikitofautiana, huchukuliwa ya katikati, zikiwapo mbili tu, huchukuliwa ile ya polepole zaidi. Aidha, mpima muda alitakiwa kubonyeza saa akiona moshi wa bastola, asingoje kusikia mlio. Sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo aliye mbali mita 100 huusikia mlio ukiwa umechelewa karibu sehemu tatu za kumi za sekunde. Penye filimbi badala ya bastola hapakuwa na moshi wa kuutazama, na mkimbiaji alipewa zawadi ambayo hakuiomba.

Ulimwengu uliliona tatizo hili mapema. Katika Olimpiki ya Stockholm, mwaka 1912, vilijaribiwa vyombo vya umeme vya kupima muda, pamoja na kamera kwenye mstari wa mwisho. Mwaka 1932, huko Los Angeles, Eddie Tolan na Ralph Metcalfe wa Marekani walimaliza mita 100 wakiwa wameandikiwa muda mmoja, 10.3, na ni filamu iliyosaidia kuamua kuwa dhahabu ni ya Tolan. Baadaye ikaja kamera inayotazama kupitia upenyo mwembamba. Haioni uwanja, huona mstari wa mwisho peke yake, na kila kifua kinachoukata mstari huo huandikwa pamoja na wakati wake. Kuanzia mwaka 1977, Shirikisho la Riadha la Dunia lilikataa rekodi za mkono kwa mbio zote hadi mita 400. Wanaolinganisha nyakati za zamani na za sasa huongeza 0.24 ya sekunde kwenye muda wa mkono wa mita 100, kwani kidole cha binadamu huchelewa mwanzoni na kuwahi mwishoni.

Yafaa tukumbuke mambo haya yalivyowagusa watu wetu. Tarehe 2 Februari 1974, huko Christchurch, Filbert Bayi alikimbia mita 1,500 akiongoza tangu mwanzo hadi mwisho, akavunja rekodi ya dunia. Mashine ilisoma 3:32.16, lakini kwa mbio za umbali huo rekodi siku hizo ziliandikwa kwa sehemu ya kumi, ikaingia vitabuni kama 3:32.2. Ilidumu hadi Agosti 1979, Sebastian Coe alipokimbia 3:32.03 mjini Zürich, nayo ikaandikwa 3:32.1. Tofauti ya kweli kati yao ilikuwa 0.13 ya sekunde, chini ya muda wa kupepesa jicho. Mtu alinyang'anywa ufalme wa miaka mitano kwa kiasi ambacho saa ya shule isingeweza kukiapia.

Kisha ikaja Septemba 15, 2025, mjini Tokyo. Alphonce Simbu wetu na Amanal Petros wa Ujerumani walikimbia kilomita 42 na ushei, wakaufikia mstari pamoja. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48. Picha ndiyo iliyosema: Simbu ametangulia kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Kwa mwendo ule, hiyo ni kama shubiri moja. Kwa shubiri hiyo Tanzania ilipata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha, yaliyoanza mwaka 1983. Bila kamera, waamuzi wangebaki na macho yao, na macho ya binadamu hubishana.

Hesabu ya pointi nayo ina historia yake. Katika mbio za nyika, kila timu hujumlisha nafasi za wakimbiaji wake, na yenye jumla ndogo ndiyo mshindi: wa 1, wa 3, wa 7 na wa 12 hufanya 23. Mashua za tanga za vyuo vya Marekani huhesabiwa kwa msingi huo huo. Kwa hiyo mtu wa kumi na mbili ana thamani, naye akikosewa, bweni zima limekosewa. Ndiyo sababu wakimbiaji walipitishwa kwenye kichochoro cha kamba na kupewa vikaratasi vyenye namba. Na ndiyo sababu kikaratasi kilicholowa kilileta ugomvi hadi usiku. Siku hizi mbio kubwa za barabarani hutumia chipu ndogo inayofungwa kwenye kiatu au namba ya kifuani, ikasomwa na mkeka uliotandikwa mstarini. Boston ilianza kuitumia mwaka 1996. Chipu humwandika wa kwanza, na humwandika wa elfu tano vile vile.

Hapo ndipo naona faida kubwa kuliko zote. John Stephen Akhwari alimaliza marathoni ya Mexico, tarehe 20 Oktoba 1968, akiwa wa mwisho, ameumia goti, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Dunia inamkumbuka kwa sababu alikuwapo mtu wa kumwona na kumwandika. Mpira una bahati katika jambo hili, kwani goli halihitaji saa. Tukuyu Stars ilipotwaa ubingwa wa ligi mwaka 1986, hakuna aliyeuliza ni kwa sekunde ngapi. Lakini vijana waliokimbia pekupeku kwenye nyasi zilizolowa za Rungwe, wakafika wa nne na wa tano, wameandikwa wapi?

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hatuwezi kurudisha picha ambazo hazikupigwa, wala kuzisahihisha saa zilizokwisha kusimama. Lakini madaftari ya zamani yapo kwenye masanduku ya baadhi yetu, na majina yapo vichwani. Mwenye karatasi ya matokeo na ailete kwenye mkutano ujao. Asiye nayo na aandike anaowakumbuka, umbali waliokimbia na mwaka, aonyeshe kama ni yadi au mita, na kama alikuwapo mwenye saa. Wa mwisho naye aandikwe.