Mlolongo wa 1988 na safari ya kura za mchujo

Februari 1988, katika viwanja vya shule kote Kenya, wagombea wa chama tawala, KANU, au mawakala wao walisimama na picha, na wanachama wakajipanga nyuma yao. Chifu anatazama, mwajiri anatazama, baba mkwe naye yupo. Karani anapita akihesabu vichwa, matokeo yanasomwa, watu wanatawanyika.

Chama kilikuwa kimoja, kwa hiyo mchujo ndio uliokuwa uchaguzi wenyewe. Aliyefikisha asilimia 70 ya mlolongo alihesabiwa ameshashinda, hana haja ya kura ya siri ya Machi. Maaskofu Henry Okullu na Alexander Muge walikuwa wameupinga utaratibu huo tangu chama kilipoupitisha mwaka 1986. Watetezi walisema kila kitu ni peupe. Peupe ilikuwa kweli, hadi msimamizi alipofungua mdomo: Wakenya wa rika lile bado wanasimulia mistari mirefu iliyotangazwa mifupi. Na ungekata rufaa kwa ushahidi gani? Watu wakishakwenda zao, hakuna cha kuhesabu upya.

Desemba 1988 Kenneth Matiba aliacha uwaziri akilalamikia wizi katika uchaguzi wa ndani ya chama, akafukuzwa KANU na kiti chake cha ubunge kikaenda. Miaka miwili baadaye, baada ya kamati ya chama iliyoongozwa na George Saitoti kuzunguka nchi ikisikiliza malalamiko, mkutano wa KANU huko Kasarani uliufuta mlolongo.

Ng'ambo ya mpaka, Tanzania, chama cha TANU kilikuwa kimepita njia nyingine mapema zaidi. Mwaka 1965 mkutano wa wilaya uliwapigia kura waombaji, Halmashauri Kuu ikateua wawili, mmoja akapewa alama ya jembe, mwingine nyumba, kisha wananchi wote wakaamua kwa siri. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, alianguka. Mlango ulikuwa mwembamba, lakini waliopita walishindana kweli.

CCM, mrithi wa TANU, iliufungua mlango huo kwa wanachama wote mwaka 2010, ikaurudisha kwa wajumbe mwaka 2020. Ndipo mitaani ukazuka ule utani wa "wajumbe si watu wazuri". Wajumbe walionewa kidogo, nadhani. Kundi la watu mia chache hufikika kwa bahasha, hata likiwa la watakatifu, na vikao vya juu bado vinaweza kumwacha aliyeongoza.

Kwangu mimi, utaratibu ulio wa haki zaidi ni ule wa wanachama wote kupiga kura ya siri, na hesabu kubandikwa kituoni siku ileile. Una gharama na vurugu zake: Aprili 2017 nchini Kenya karatasi hazikutosha na chama cha Jubilee kikasimamisha mchujo wake siku ya kwanza. Tena bila daftari la wanachama la kuaminika, wa chama jirani huja kukuchagulia mgombea dhaifu. Kwa hiyo chama kikikuomba kura, kiulize kwanza daftari hilo liko wapi na nani anaruhusiwa kulikagua.