Uangalizi wa Maradhi Sugu katika Utabibu wa Aila

Ni utaratibu ambao kwao tabibu wa aila, akishirikiana na wauguzi wake, huitunza afya ya mwenye kisukari, pumu au shinikizo la damu miaka nenda miaka rudi, asingoje mpaka mgonjwa azidiwe ndipo amwangalie. Kwa kuwa macho ya mgonjwa mmoja huweza kutazamwa na bingwa huyu na figo zake na yule, kila mmoja akiandika dawa zake, ni wajibu wa tabibu wa aila kuzikusanya barua zao zote katika jalada moja, na kuhakikisha kwamba dawa hazigombani mwilini.

Mfano bora ni wa Julian Tudor Hart (1927–2018), tabibu wa Glyncorrwg, kijiji cha wachimba makaa huko Wales, ambaye tangu miaka ya 1960 aliazimia kumpima shinikizo la damu kila mtu mzima wa kijiji. Aliyekuja kwa kikohozi tu alifungwa mkanda mkononi kabla ya kuondoka, na hesabu ikaandikwa; asiyekuja alitafutwa. Kazi hiyo, ionekanayo nyepesi, yataka subira kubwa, maana shinikizo la damu halina maumivu ya kumleta mtu kwa tabibu. Mwaka 1971, katika jarida la Lancet, Hart alieleza kwamba matibabu mema hupungua palepale ambapo haja yake imezidi.