Kipimajoto Kilichopima Kimo cha Ziwa

Agosti 1858, mpelelezi Mwingereza John Hanning Speke alifika Mwanza na kukadiria kimo cha Ziwa Nyanza (Victoria) juu ya usawa wa bahari kwa kuchemsha maji na kupima joto lake. Hapa maji huchemka kwenye nyuzi joto 96 hivi, si 100, kwa kuwa kanieneo ya hewa hupungua kadiri unavyopanda. Alipata futi 3,740, sawa na mita 1,140. Kimo halisi ni mita 1,134 hivi. Wapo wanaosema alibahatisha, maana katika safari hiyohiyo kimo cha Ziwa Tanganyika kilikosewa kwa takriban mita 200. Hoja hiyo ina uzito, lakini haiivunji njia yenyewe: inadai kifaa kihakikiwe na kipimo kirudiwe. Mfano wa kurudia vipimo ni usawa wa maji ya Nyanza, ambao umekuwa ukirekodiwa tangu 1896. Kipimo kimoja, hata kikikaribia ukweli, hakitoshi kuaminiwa.