Hali ya Hatari na Dharura Si Kitu Kimoja

Tarehe 25 Juni 2024, siku ambayo waandamanaji waliingia katika majengo ya Bunge jijini Nairobi na vijana wakauawa kwa risasi barabarani, Waziri wa Ulinzi wa Kenya alichapisha tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali. Wanajeshi wangetoka kambini kuwasaidia polisi kwa sababu nchi, lilisema tangazo, imekumbwa na dharura ya kiusalama. Kesho yake Bunge likaidhinisha. Chama cha Mawakili kikakimbilia Mahakama Kuu. Jaji hakuwarudisha wanajeshi kambini, lakini aliipa serikali siku mbili ieleze, katika gazeti hilohilo, wanajeshi hao watafika wapi na watakaa mpaka lini.

Serikali ya Kenya haikutangaza hali ya hatari siku ile. Ilitumia ibara ya 241 ya Katiba, inayolipa jeshi kazi ya kusaidia penye dharura au maafa. Mtangazaji wa Kiswahili aliyeisoma habari hiyo akasema nchi imo katika "hali ya hatari" alikuwa amewaambia wasikilizaji wake jambo zito ambalo halikutokea. Maneno hayo mawili yanapochanganywa, raia hapotezi ufasaha peke yake. Hupoteza pia nafasi ya kuuliza swali linalofaa.

Maneno hatari na dharura yote mawili yametoka katika Kiarabu, kila moja na njia yake. Hatari ni kile kinachotishia uhai au mali. Dharura ni jambo la lazima, lisilosubiri: mfanyakazi aliyefiwa huomba ruhusa ya dharura, mbunge hutoa hoja ya dharura, na majeruhi wa ajali hupelekwa idara ya dharura. Dharura huzuka yenyewe, wakati wowote, kwa mtu yeyote. Hali ya hatari haizuki. Hutangazwa. Ni kipindi cha kisheria ambamo mwenye mamlaka, kwa sababu zilizotajwa, katika eneo lililotajwa na kwa muda uliotajwa, huziweka kando baadhi ya haki za raia ili dola ikabiliane na jambo linalotishia uhai wa taifa. Hivyo ndivyo istilahi hii inavyotumika katika ibara ya 32 ya Katiba ya Tanzania, ambayo Watanzania wanaisoma kwa lugha yao wenyewe.

Chombo hicho cha kisheria kililetwa na wakoloni. Mwaka 1939 Uingereza ilitoa Amri ya Mfalme iliyowapa magavana wa makoloni uwezo wa kutangaza hali ya hatari na kisha kutunga kanuni walizoziona zinafaa. Kwa amri hiyo Gavana Evelyn Baring alitia saini tangazo la Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, na kabla ya kucha Jomo Kenyatta na viongozi wengine wengi wa chama cha KAU walikuwa mikononi mwa polisi. Hali hiyo ya hatari Wakenya wengi waliiita Imajensi, kama jina la zama nzima. Na kweli ilikuwa zama. Aprili 1954 jiji la Nairobi lilizingirwa katika operesheni iliyoitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walichujwa mtaa kwa mtaa, na maelfu wakapakiwa kwenda kambi za Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road. Katika Mkoa wa Kati zaidi ya watu milioni moja walihamishiwa katika vijiji vilivyozungushiwa mahandaki na miti iliyochongwa, ambako mtu alitoka na kurudi kwa saa za askari. Watu zaidi ya elfu moja walinyongwa.

Pwani nayo ilipewa kazi yake. Kisiwa cha Manda, ng'ambo tu ya mji wa Lamu, kiligeuzwa mahali pa kuwaficha wanasiasa. Mwandishi wa habari Pio Gama Pinto alikuwa mmoja wao. Hola, kando ya Mto Tana, palikuwa na kambi ya wale walioitwa wagumu. Tarehe 3 Machi 1959 walinzi wa kambi hiyo waliwapiga watu waliowekwa kizuizini humo waliokataa kufanya kazi, wakaua 11. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo haukudumu, kisa kikafika mpaka Bunge la London, na tarehe 12 Januari 1960 hali ya hatari ikaondolewa. Ilikuwa imedumu zaidi ya miaka saba. Wazee walisubiri mpaka Juni 2013 ndipo serikali ya Uingereza ilipotamka kwamba inasikitika, ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa walalamikaji 5,228.

Mtu angetarajia kwamba nchi iliyoteswa hivyo ingekitupa chombo hicho siku ya kwanza ya uhuru. Haikuwa hivyo. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Siku 16 baadaye, tarehe 28 Desemba, serikali mpya ilitangaza hali ya hatari huko Kaskazini Mashariki, ambako Wasomali wengi walitaka eneo lao liungane na Somalia na vita vya waasi walioitwa shifta vilikuwa vimeanza. Vita ni sababu halali ya tangazo kama hilo. Lakini mwaka 1966 kifungu cha 127 cha Katiba kilimwezesha Rais kulitawala eneo hilo kwa kanuni zake mwenyewe, pamoja na wilaya za Isiolo, Marsabit, Tana River na Lamu. Mji wa Lamu, uliolea washairi wa Kiswahili kwa karne nyingi, na Hola, penye makaburi ya wale 11, vikawekwa chini ya sheria ambayo Mkenya wa Nakuru au Kisumu hakuijua. Askari aliweza kupekua na kukamata bila hati, na mfugaji aliyeonekana katika eneo lililopigwa marufuku aliweza kupokonywa mifugo.

Vita vilikoma kwa mapatano ya Arusha ya Oktoba 1967, Rais Kenneth Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Kifungu cha 127 hakikukoma. Kiliendelea kuishi miaka 24 zaidi, hadi kilipofutwa mwishoni mwa 1991. Watoto walizaliwa, wakaoa, wakazaa watoto wao wenyewe ndani ya hali ya hatari ambayo sababu yake ilikuwa imekwisha siku amani iliposainiwa. Na ni ndani ya kipindi hicho, Februari 1984, wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa bila chakula wala maji, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, iliona kwamba waliokufa walikaribia elfu moja.

Kulikuwa na jambo jingine lililouma kuliko muda. Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilitunga sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali na askari dhidi ya madai yoyote kwa waliyoyatenda katika wilaya hizo kati ya Desemba 1963 na Desemba 1967. Mjane aliyeporwa ng'ombe wake hakuwa na mlango wa kubisha.

Ndiyo maana ibara ya 58 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasomeka kama maandishi ya watu walioumwa na nyoka. Tangazo la hali ya hatari linadumu siku 14 tu. Likitakiwa kuongezwa, thuluthi mbili ya wabunge wote wakubali, na si kwa zaidi ya miezi miwili. Likitakiwa kuongezwa tena, robo tatu. Mahakama ya Juu inaweza kuulizwa kama tangazo ni halali. Na kwa maneno yasiyo na mlango wa nyuma, ibara hiyo inakataza tangazo, au sheria yoyote itokanayo nalo, kumkinga yeyote aliyetenda kinyume cha sheria. Anayekumbuka sheria ya 1970 anajua sentensi hiyo imeandikwa kwa ajili ya nani.

Tanzania imeweka masharti yake kwa namna nyingine. Rais akitangaza, nakala hupelekwa kwa Spika, na Bunge huitwa ndani ya siku 14 liamue kwa thuluthi mbili ya wabunge wote. Likiunga mkono, tangazo huweza kuishi miezi sita, na Bunge laweza kuongeza miezi sita mingine kwa idadi hiyohiyo ya kura. Ibara ya 31 ndiyo inayosema ni haki zipi zinazoguswa: sheria ya Bunge inaweza kuweka kando ulinzi wa ibara ya 14 na 15, yaani haki ya kuishi na uhuru wa mtu binafsi. Kwa nchi ambayo chama kimoja kimezoea kushika zaidi ya thuluthi mbili ya viti, kizingiti hicho ni chepesi kuliko kinavyoonekana kwenye karatasi, na miezi sita ni mirefu mno.

Hata hivyo, anayetafuta mahali uhuru wa raia wa Afrika Mashariki ulipopotelea hatakiwi kuangalia matangazo peke yake. Sehemu kubwa ilipotea siku ambazo hakuna kilichotangazwa. Septemba 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza mwaka wa uhuru, Bunge lilipitisha sheria ya kuweka watu kizuizini. Rais aliweza kumzuia mtu kwa saini yake, bila mashtaka, bila kikomo cha muda, na mahakama zilikatazwa kuihoji amri hiyo. Haikuhitaji hali ya hatari; mamlaka ya siku za vita yalihamishiwa katika siku za kawaida na kuachwa humo. Mwanasiasa wa Zanzibar Abdulrahman Babu, aliyehusishwa na kuuawa kwa Rais Karume wa Zanzibar Aprili 1972, alikaa kizuizini Bara hadi 1978. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilipowasilisha ripoti yake mwaka 1992, iliitia sheria hiyo katika orodha ya sheria 40 zilizofaa kufutwa au kurekebishwa.

Kenya nayo, kwa sheria ya 1966 ya kuhifadhi usalama wa umma, ilijifungulia njia hiyohiyo. Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani kwake siku ya mwisho ya 1977, baada ya wanakijiji wa Kamĩrĩthũ kuigiza mchezo wa Kikuyu aliouandika pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, akakaa Kamiti karibu mwaka mzima. Hakushtakiwa kwa lolote. Raila Odinga, Kenneth Matiba na Charles Rubia walipitia mlango huo huo baadaye. Aliyewekwa kizuizini si mfungwa, maana mfungwa anajua kosa lake na anahesabu siku zake. Kiswahili kimefanya vizuri kuyatenga majina hayo, na magazeti yanapoandika "alifungwa" kwa mtu ambaye hakuwahi kuhukumiwa yanampa kosa ambalo hakuna mahakama iliyompa.

Uviko ulipoingia, jambo hilo lilijirudia kwa sura nyingine. Machi 2020 Kenya iliweka kafyu ya nchi nzima kwa kutumia sheria ya utulivu wa umma, bila kutangaza hali ya hatari na hivyo bila siku 14 na bila thuluthi mbili za kura. Siku chache baadaye mtoto wa miaka 13, aliyekuwa kwenye roshani ya nyumba yao mtaani Mathare, alipigwa risasi na kufa polisi walipokuwa wakisimamia kafyu. Amri hiyo iliondolewa tarehe 20 Oktoba 2021, baada ya karibu miezi 19. Ugonjwa ulikuwa dharura ya kweli. Kwa sababu hiyohiyo, nchi ilistahili amri yenye kikomo kilichopigiwa kura na wabunge wake.

Katika sheria za kimataifa pia neno lina uzito. Mkataba wa Haki za Kiraia na Kisiasa unaziruhusu nchi kusitisha baadhi ya haki pale tu hatari inapotishia uhai wa taifa na imetangazwa rasmi. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu, uliopitishwa Nairobi Juni 1981, hauna kabisa kifungu cha kuruhusu usitishaji huo. Ni upungufu kwa baadhi ya wanasheria. Kwa makala hii ni sifa.

Uko mtihani mmoja ambao Kiswahili hakijaufaulu, nao uko Kongo. Katiba ya huko, kwa Kifaransa, ina ngazi mbili: état d'urgence, na juu yake état de siège. Tangu tarehe 6 Mei 2021 Ituri na Kivu Kaskazini ziliwekwa chini ya ile ya pili. Magavana wa kiraia waliondolewa, wakaja majenerali. Kesi za jinai za raia zikahamishiwa mahakama za kijeshi. Muda uliowekwa ulikuwa siku 30, na kila nyongeza ni siku 15. Nyongeza zikafuatana kwa zaidi ya miaka mitatu. Wanaharakati wa vuguvugu la LUCHA walikamatwa Beni Novemba 2021 wakiandamana kuipinga, na Aprili 2022 mahakama ya kijeshi ikawahukumu miezi 12 gerezani.

Kuiita état de siège "hali ya hatari" kunaificha tofauti ya ngazi hizo mbili; kuiita "dharura" kunaificha zaidi. Tafsiri ya neno kwa neno, hali ya mazingiwa, inarudi kwenye ngome za Ufaransa ya 1791, wakati sheria ilipozungumzia mji uliozingirwa na adui. Bunia, mji mkuu wa Ituri, haikuzingirwa hivyo. Kilichobadilika ni kiti cha gavana na benchi la hakimu. Kwa hiyo état d'urgence na ibaki hali ya hatari, na état de siège iitwe hali ya hatari chini ya jeshi. Maneno ni marefu kwa kichwa cha habari, lakini mkazi wa Beni anayeyasikia redioni anajua papo hapo nani anaweza kumkamata na ni hakimu wa aina gani atakayemsikiliza.