Gari Likikataa Kuwaka

Mji wa Kitale, nchini Kenya, uko mita 1,900 hivi juu ya bahari. Baridi ya alfajiri huidhoofisha betri kuukuu, na gari likakataa kuwaka.

Enzi za Peugeot 404 na 504, magari yaliyobeba abiria kwenda Bungoma, fundi alianzia kwenye moto wa plagi. Alichomoa waya wa plagi, akausogeza karibu na bloku, mwenzake akapiga stata. Cheche ya buluu ikiruka, alihamia kwenye petroli: pampu, kisha kabureta. Isiporuka, alifungua distributa na kukwangua pointi kwa msasa mwembamba. Ustadi mkubwa huo, na haujathaminiwa vya kutosha!

Magari ya kompyuta yalipoenea, pointi na kabureta zilitoweka. Siku hizi fundi huchomeka mashine ya kusoma hitilafu, ingawa betri huipima kwanza.