Mkwaruzo wa Santuri

Marehemu baba aliniachia santuri moja ya Orchestre Vévé, na ndiyo niliyojifunzia saksafoni, sebuleni kwetu Biryogo, Kigali, bila mwalimu. Naweka sindano, nasikiliza kipande, nainua, napuliza. Kile kiulimi cha mwanzi kikikauka, sauti inakwaruza kama mlango wenye kutu. Nakilowesha kwa mate, naanza upya.

Aliyepuliza humo ni Georges Kiamuangana Mateta, mzaliwa wa Kisantu huko Kongo, mwaka 1944. Sisi tulimjua kwa jina la Verckys. Chanzo cha jina hilo ni King Curtis, mpuliza saksafoni wa Marekani ambaye yeye alimhusudu. Jina "Curtis" lilimfikia kijana limepinda, na lilivyomfikia ndivyo alivyojiita.

Mwaka 1963 aliingia OK Jazz, bendi ya mpiga gitaa Franco. Pale gitaa lilikuwa sultani, lakini Verckys aliifanya saksafoni iongee: mara inabembeleza, mara inagomba. Mwaka 1969 akatoka, akaunda Vévé, akaanzisha na lebo yake mwenyewe. Bendi kama Bella Bella na Lipua Lipua zikapitia mikononi mwake. Akawa mpulizaji na tajiri kwa pamoja, jambo adimu kwa mwanamuziki. Alifariki Oktoba 2022.

Saksafoni, au domo la bata kama waliitavyo jirani zetu wa Tanzania, ni chombo cha Mbelgiji: Adolphe Sax alikipatia hataza Paris mwaka 1846. Wabelgiji walitutawala sisi na Wakongo, lakini nyumbani kwetu saksafoni haikuletwa na wao. Ililetwa na redio na santuri za Kinshasa. Ndiyo maana nikimsikia mpuliza saksafoni Isaiah Katumwa wa Kampala, na ile jazi yake laini, yeye naye aliyejifundisha mwenyewe, namhesabu ndugu yangu wa sikio.

Mara yangu ya kwanza kupiga harusini ilikuwa Nyamirambo. Nikapuliza wimbo wa ile santuri, nikifika katikati narudia noti chache mara tatu, kama nilivyozizoea. Mzee mmoja aliyewahi kuishi Kinshasa akanisubiri nje.

"Mwanangu, umepuliza vizuri. Ila umepuliza hata mkwaruzo."

Usiku ule niliigeuza santuri chini ya taa. Kweli, ulikuwapo, mwembamba kama unywele.

Mpaka leo, nikifika pale, narudia mara tatu.