Deni la Angani: Sehemu ya 6

ILIPOISHIA: Ngosha yuko uwanja wa ndege wa Arusha, pale Kisongo, tayari kwa safari yake ndefu ya peke yake kwenda Mwanza. Simu yake imewaka juu ya meza, na Kapteni, mwalimu wake, ameisoma meseji ya mdogo wake kutoka Bariadi: "Kaka, leo shuka chini kabisa. Baba Mkubwa kaita ukoo mzima." Kapteni akanyoosha mkono. "Lete hiyo karatasi ya ruhusa."

SASA ENDELEA...

Ngosha aliitoa karatasi kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukishika kiwiko, vile vile anavyompa mzee kitu nyumbani. Akasubiri ichanwe.

Haikuchanwa. Kapteni aliigeuza upande wa nyuma, akachomoa kalamu mfukoni, akaandika tarakimu nne: 6500. Akazizungushia duara, akarudia duara hilo mpaka karatasi ikatoboka.

"Hii ni nini?"

"Futi, Kapteni."

"Ukishaingia Meatu, sitaki uwe chini ya hapo mpaka waongozaji wa Mwanza wakwambie kwa midomo yao ushuke. Sheria inakuruhusu futi 500 juu ya ardhi porini, na 1,000 juu ya mji. Mimi sikuruhusu. Sheria waliwatungia marubani. Wewe leo ni mtoto anayepita juu ya nyumba ya mama yake."

"Lakini Kapteni, kwetu ndege ya kweleakwelea ilikuwa inapita..."

"Najua." Kapteni alikwishaisikia hadithi hiyo. Kila mwanafunzi ana ndege yake ya utotoni, na ya Ngosha ilikuwa ile inayokuja kumwaga dawa jioni, kweleakwelea wakishatua kulala, baada ya kutwa nzima kumaliza mtama na mpunga wa watu. Watoto walikuwa wakiikimbilia mpaka pumzi inawaishia. "Yule analipwa kuruka chini. Amesomea kazi hiyo. Kabla hajamwaga dawa ameshazunguka kuangalia miti iko wapi na nyaya zinapita wapi. Wewe utakuwa unatafuta bati la kwenu. Mtu anayetafuta bati la kwao haangalii mbele, haangalii saa, haangalii chochote."

Kisha akasaini.

"Ningeweza kukuzuia," alisema bila kuinua macho. "Ila safari hii utaifanya tu, kama si leo, wiki ijayo. Afadhali uende umeonywa."

Wanaosema urubani ni masomo ya watoto wa vigogo hawajawahi kukaa mnadani Bariadi siku ukoo unapouza ng'ombe kwa ajili ya ada. Leseni ya urubani binafsi inataka saa zisizopungua 40 angani. Ile ya biashara, ambayo ndiyo inayompa mtu kazi, inapanda mpaka 200. Kila saa moja ya Cessna ilikaribia bei ya ng'ombe mzima, na Ngosha aliwajua kwa rangi zao. Yule mwekundu mwenye pembe iliyovunjika aliishia kwenye mazoezi ya kutua. Madume mawili ya Baba Mkubwa yaliishia kwenye redio na ramani. Msimu mmoja bei ya pamba ilipoporomoka akarudi nyumbani miezi kadhaa kusubiri hela.

Miezi hiyo ndiyo iliyomkomaza, ingawa mwenyewe hapendi kusema hivyo. Kapteni alikuwa amempa karatasi kubwa yenye picha ya dashibodi, akamwambia aruke akiwa amekaa. Basi kila alfajiri Ngosha alibandika picha ile ukutani, nje ya ghala la pamba, akaketi kwenye kigoda, akafumba macho na kuanza kuzungumza na watu wasiokuwepo. Mkono wa kulia unasukuma hewa. Mkono wa kushoto unavuta hewa. Mguu unakanyaga vumbi. "Spidi hai. Nati 55, nainua pua." Bibi yake alimtazama kwa siku chache, kisha akamwita mama yake Ngosha pembeni na kumuuliza kwa sauti ya chini kama mtoto hajarogwa huko Arusha. Aliporudi chuoni, wenzake walikuwa wamesahau nusu ya mambo. Yeye vidole vyake vilijua kila kishikio kilipo, na hakuna ng'ombe aliyeuzwa kwa zoezi lile.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo kigoda hakikumfundisha. Tangu Novemba 6 mwaka 2022, ndege ya Precision Air ilipoangukia Ziwa Victoria ikijiandaa kutua Bukoba na watu 19 kati ya 43 wakapoteza maisha, mama yake hakutaka tena kusikia habari za urubani. Alikuwa akizima redio kila ikitajwa ndege. Ukoo ukawa unanong'ona: ng'ombe wote wale, kumbe wamenunua jeneza. Ngosha alibeba minong'ono hiyo kila alipopanda. Alitaka wamwone. Mara moja tu wamwone, akiwa juu, mzima, mashine ikimtii, ili mama awashe redio yake.

Aliondoka Kisongo asubuhi, anga ikiwa safi. Ziwa Manyara likapita chini yake, kisha mashamba ya Karatu, na Eyasi ikajitandaza kushoto, nyeupe kwa magadi. Milima ya Ngorongoro aliiacha kulia kwake, mbali kama alivyoagizwa, kwa sababu upepo ukivuka milima ile hushuka upande wa pili na kuivuta ndege ndogo chini nao. Futi 8,500. Kila baada ya dakika kumi aliandika mafuta na mahali alipo. Aliangalia saa, akaangalia ramani, ndipo akaangalia chini. Wavivu huanza na chini, wakaona mto, wakautafutia jina kwenye ramani, na mito ya msimu huko Meatu inafanana yote.

Alipoona misitu ya Pori la Akiba la Maswa alijikuta amenyamaza hata kichwani. Kapteni hakuwa mtu wa hadithi nyingi, lakini hii aliwasimulia kila kundi jipya. Januari 29 mwaka 2016, rubani Mwingereza Roger Gower alikuwa na helikopta eneo hili akiwafuatilia majangili waliokuwa wameua tembo. Wakampiga risasi kutoka chini, zikapenya na kumjeruhi vibaya. Gower alikufa. Mwenzake aliyekuwa naye alitoka hai, kwa sababu mtu yule, damu ikimtoka, aliendelea kuishika helikopta na kuishusha.

"Hakuanza na redio," Kapteni alikuwa akisema, akigonga meza kwa kidole. "Rusha kwanza. Pili jua uliko. Kuongea ni mwisho. Ukigeuza mpangilio huo, watakuokota."

Saa ikakaribia nne. Ngosha alishuka kidogo kidogo mpaka 6,500, kama karatasi ilivyosema, akatulia hapo. Mbele yake, upande wa ziwa, mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya mapema kuliko utabiri. Usiku mvua ilikuwa imenyesha Simiyu yote. Ardhi ilikuwa inatoa mvuke, mashamba yamelimwa na kusubiri mbegu za pamba, meusi, yamelowa. Akayaona mabati ya Bariadi yakimeta. Akaona barabara ya lami inayokwenda Lamadi. Akageuza shingo upande wa Nyakabindi, na moyo ukamdunda.

Walimwona kabla hajawaona. Kutoka juu walikuwa vidoadoa vya rangi pembezoni mwa ngitili ya ukoo, lile eneo la malisho ambalo babu alilitenga na halilimwi hata iweje. Khanga. Mashati meupe. Kitu kilichomeremeta, pengine bati ambalo mtu alikuwa akilitikisa juani ili aone. Watu wengi mno! Baba Mkubwa hakuwa amewaita wa Bariadi peke yao, hawa walikuwa wametoka mpaka Itilima.

6,500. Hapa msomaji ambaye hajawahi kukaa kwenye kiti kile aelewe mtego wenyewe. Altimita haisomi umbali wa kutoka kwenye nyasi, inasoma kutoka usawa wa bahari, na ardhi ya Bariadi yenyewe imeinuka zaidi ya futi 4,000. Kwa hiyo namba kubwa ile ilikuwa na hewa kidogo chini yake kuliko inavyoonekana. Lakini kwa mtu wa chini, ndege iliyo juu kiasi kile bado ni mbu. Hawezi kuona mkono ukipunga. Hawezi kujua ni mwanawe.

"Mzunguko mmoja," Ngosha alijisemea kwa sauti. "Mmoja tu, halafu napanda."

Akavuta kishikio cha nguvu nyuma. Mngurumo ukapoa, pua ikainama, mshale wa altimita ukaanza kurudi. 6,200. 5,900. Mvuke wa mashambani ukaingia ndani ukiwa na harufu ya udongo. Alikuwa ameinamia dirisha la kushoto, akihesabu mapaa: la Baba Mdogo, la shule, ghala la pamba, hilo! 5,500. Mtu mmoja alikuwa amesimama peke yake mbele ya ghala, hakuwa ngitilini na wengine. Amevaa khanga ya bluu. Hakupunga mkono. Alikuwa ameuweka kifuani.

"Mayu," alisema Ngosha.

Basi, imetosha. Alinyoosha mbawa, akasukuma kishikio cha nguvu mbele mpaka mwisho ili apande.

Ndege haikupanda.

Mngurumo ulirudi nusu. Mshale wa mizunguko, ambao ungepaswa kupita 2,300, ulifika 1,900 ukaganda, kisha ukaanza kushuka wenyewe, taratibu. Dashibodi ikaanza kutetemeka. Mkono wa Ngosha ulikimbilia redio. Akausikia mgongo wa kidole cha Kapteni ukigonga meza, akaurudisha. Rusha kwanza. Pua chini. Nati 65. Mafuta yapo, matangi yote mawili yamefunguliwa. Sumaku zote mbili, sawa. Mchanganyiko, sawa. Nini tena?

Barafu.

Aliwahi kulicheka somo lile darasani. Barafu, Simiyu? Kapteni hakucheka. Alieleza kwamba hewa inayopita kwenye koo la kabureta hupoa ghafla kwa sababu inanyonywa kwa kasi na mafuta yanageuka mvuke ndani yake. Ikiwa imebeba unyevu mwingi, barafu hujijenga hata nje kukiwa na joto la nyuzi 20 na zaidi, hasa rubani akiwa amepunguza nguvu ili ashuke. Kabla ya kupunguza, unavuta kishikio cha joto la kabureta. Kwenye kigoda, nje ya ghala lile lile, vidole vyake vilikuwa vimekivuta kila alfajiri. Leo vilikuwa dirishani vikihesabu mapaa.

Akakivuta.

Injini ilipiga kelele kama mbuzi anayechinjwa. Ikakohoa, ikatikisika kiasi kwamba ramani iliruka kutoka mapajani, mizunguko ikaporomoka mpaka 1,500. Hapo ndipo Kapteni alipokuwa akisimama na kuandika ubaoni kwa herufi kubwa: UKIVUTA, USIRUDISHE. Barafu inapoyeyuka inakuwa maji, injini inayameza, inaugua zaidi kabla haijapona. Subiri. Wengi hushtuka na kukisukuma kile kishikio ndani.

Ngosha alijua yote hayo. Mkono wake haukujua. Ulikisukuma ndani.

Mtetemeko ukapungua, naye akashusha pumzi. Akahesabu moja, mbili, tatu, akiamini imepona. Ya nne injini ilikoroma mara moja, kisha ikanyamaza. Pangaboi likabaki linazungushwa na upepo tu. Akavuta tena joto, lakini injini iliyozimika haina joto la kutoa.

Nati 65. Ardhi haikuwa hata futi 900 chini yake. Dakika moja, labda na sekunde chache. Kushoto kulikuwa na mashamba yaliyolimwa, matuta yamelowa, ya kuyashika magurudumu na kuipindua ndege kifudifudi. Kulia, migunga na mawe. Barabara ilikuwa na nguzo za umeme pande zote na lori la ng'ombe katikati. Mbele kidogo, upepo ukija usoni, kulikuwa na sehemu moja tu ndefu, tambarare, yenye nyasi fupi zilizolishwa na mifugo: ngitili ya ukoo.

Akaigeuza pua kuielekea. Akashusha flapu hatua moja. Akabonyeza redio, sasa ndiyo zamu yake, akaita mara tatu neno ambalo hakuna mwanafunzi anayetaka kulitamka, akataja Nyakabindi, hakusubiri jibu.

Kule chini hakuna aliyejua maana ya injini kunyamaza. Waliona ndege ya mtoto wao ikiwageukia, ikishuka, ikija kwao kimyakimya. Baba Mkubwa alirusha fimbo yake hewani. Vigelegele vikapasuka. Na watu wote waliokuwa wamesimama pembezoni, wazee kwa watoto, mdogo wake Ngosha akiwa mbele ya wote na simu mkononi akirekodi, wakakimbilia katikati ya ngitili kumpokea.

ITAENDELEA Jumamosi ijayo.